Harufu ya soksi ndani ya kabini: uchambuzi wa kisa cha ndege iliyorudi KIA

Kisa hiki nakitumia kufundishia mafundi wa ndege wanaoanza kazi ya uwanjani, yaani wale watakaokutana na ndege ikiwa na abiria ndani na saa inakimbia. Shirika, aina kamili ya ndege, tarehe na majina vimeondolewa. Mambo machache yasiyogusa kiini yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Waliohojiwa ni marubani, wahudumu, injinia wa zamu na mmoja wa wasafishaji wa kabini, ambaye ndiye aliyekuwa na habari muhimu kuliko wote na hakuna aliyemuuliza hadi siku ya pili.

Usuli

Ndege ilikuwa ya jeti, injini mbili chini ya mabawa, kabini ya njia moja, viti mia na hamsini hivi. Kazi ya siku hiyo ilikuwa ya kawaida kabisa: kutoka Dar es Salaam asubuhi, kushusha abiria Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), kuchukua wengine na kurudi. Angani ni kama saa moja. Chini ilipangiwa dakika hamsini.

Ulikuwa mwezi wa Februari, masika bado. Uwanja wa KIA uko kwenye tambarare ya Wilaya ya Hai, mita 894 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu anayetoka Arusha mjini anateremka karibu mita mia tano kuufikia, na jua la mchana huko halina huruma. Siku hiyo kipimajoto cha uwanja kilisoma nyuzi 33 kivulini.

Abiria wa kurudi Dar walikuwa mchanganyiko wa kawaida wa njia hiyo: wafanyabiashara wa Arusha, familia, na kundi kubwa la watalii walioshuka Mlima Kilimanjaro jana yake, mabuti wameyaning'iniza kwenye mabegi. Hayo mabuti yashikilieni, yana nafasi yake katika kisa hiki.

Jambo jingine la usuli lilitokea usiku uliotangulia, Dar es Salaam. Fundi wa zamu ya usiku alikagua oili ya injini ndogo ya mkiani, ambayo sote tunaiita APU, akaona kipimo kiko chini, akaongeza. Mwongozo wa ndege unataka APU ikishazimwa usubiri muda fulani ili oili iteremke irudi yote kwenye tangi lake, ndipo usome. Hakusubiri. Oili iliyokuwa bado imetapakaa ndani ya mashine ilirudi baadaye ikakuta tangi limeshajazwa, na kiwango kikapita alama ya juu. Kitabu cha kumbukumbu za ufundi kilionyesha tu kwamba oili imeongezwa. Kwa maandishi, kila kitu kilikuwa sawa.

Hewa ya kabini inatoka wapi

Bila sehemu hii kisa hakieleweki, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ndege nyingi za abiria za jeti hazina kiyoyozi cha gesi kama cha ofisini au cha basi la Dar. Zinapoza hewa kwa hewa yenyewe. Injini ya jeti ina kompresa yenye hatua nyingi, kila hatua inaibana hewa zaidi ya iliyotangulia. Kabla hewa hiyo haijaingia kwenye chumba cha kuchomea mafuta, sehemu yake ndogo huchotwa pembeni kwa bomba. Hiyo ndiyo hewa ya blidi. Haijakutana na mafuta wala moto, lakini kule kubanwa tu kumeitia joto la nyuzi mia mbili na zaidi. Rejeta iliyopo kwenye injini yenyewe huishusha hadi kama nyuzi 200, na vali huidhibiti shinikizo libaki kama paundi 40 kwa inchi ya mraba. Hewa hiyo ina kazi nyingi: inawasha injini ya pili, inazuia barafu kwenye kingo za mabawa, katika ndege nyingi inasukuma hata maji ya bomba la chooni. Kazi yake kubwa ni kulisha kabini.

Kutoka hapo inaingia kwenye mashine mbili za kupoza, zilizofichwa tumboni mwa ndege. Mafundi wanaziita paki, ya kushoto na ya kulia. Ndani ya paki hewa inapita rejeta ya kwanza inayopozwa na hewa ya nje. Halafu inafika mahali panapowashangaza wanafunzi kila mwaka: inabanwa tena na kompresa ndogo, inapata joto upya. Kwa nini ukipashe moto kitu unachotaka kukipoza? Kwa sababu rejeta ya pili inafuata, na rejeta hutoa joto jingi zaidi tofauti ya joto kati ya ndani na nje ikiwa kubwa. Baada ya rejeta ya pili hewa inaachiwa itanuke ndani ya turbini. Aliyewahi kujaza tairi kwa pampu ya baiskeli anajua pampu inavyochemka mkononi. Turbini inafanya kinyume chake. Hewa inatanuka, inatumia nguvu yake kuizungusha turbini, na joto lake linaporomoka hadi karibu na kuganda au chini ya hapo. Nguvu hiyo ndiyo inayoendesha ile kompresa ndogo, kwani vyote viko kwenye mhimili mmoja unaozunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika.

Njiani unyevu unakamuliwa. Usipokamuliwa wote, abiria wataona ukungu mweupe ukishuka kutoka juu ya madirisha, hasa Dar wakati wa joto la unyevu, na atakuwepo wa kupiga picha na kuandika kwamba ndege inaungua. Ule ni mvuke wa maji. Hauna harufu na unayeyuka mbele ya macho.

Hewa baridi ya paki huchanganywa na hewa iliyokwisha kuzunguka kabini, kwa ndege nyingi karibu nusu kwa nusu. Hii ya kuzunguka hupitishwa kwanza kwenye filta za HEPA, zinazonasa chembe na vijidudu kwa zaidi ya asilimia 99.9. Ila kumbukeni mambo mawili. Filta hizo zimewekwa kwenye njia ya hewa inayozunguka, siyo kwenye njia ya hewa mpya itokayo injini. Na zinanasa chembe. Harufu na mvuke wa kemikali vinapita. Kwa hiyo kompresa ikiingiwa na oili, hakuna mlango wa kuizuia kati yake na pua ya abiria.

Ndege ikiwa chini na injini zimezimwa, hewa ya blidi hutoka APU. Nayo ni jeti ndogo, ina kompresa, ina beringi za chuma zinazooshwa na oili, na ina sili zinazoitenga oili na njia ya hewa. Tangi likijaa kupita kiasi, oili inatafuta pa kutokea, na sili hizo ni mahali pepesi. Oili za jeti hutengenezwa kwa esta. Zikipata joto kali huachia asidi ambazo pua ya binadamu inazijua vizuri sana, kwa sababu ndizo zinazofanana na za soksi iliyovaliwa siku tatu.

Kwa ajili ya kulinganisha tu: Boeing 787 iliachana na mtindo huu. Hewa yake ya kabini inavutwa kutoka nje na kompresa za umeme, haipiti kwenye injini. Ndege ya kisa chetu ilikuwa ya mtindo wa zamani, kama zilivyo ndege nyingi zinazoruka leo.

Mfuatano wa matukio

Ndege ilitua KIA saa tano na nusu asubuhi. APU ilikuwa imewashwa wakati wa kushuka, lakini hewa yake ilifunguliwa tu baada ya kusimama na injini kuzimwa. Abiria wa Dar wakashuka. Hakuna aliyelalamika.

Wasafishaji wakaingia. Kabini ilikuwa tupu na paki zote mbili zilikuwa zinavuta hewa ya APU kwa nguvu zote ili kushindana na jua. Msafishaji mmoja alimwambia mhudumu wa nyuma, "Dada, huku kunanuka kama soksi zilizoloa." Mhudumu alikuwa anahesabu vyakula. Akamjibu afungue mlango wa nyuma, hewa itabadilika. Mlango ukafunguliwa, harufu ikapungua, wasafishaji wakamaliza wakashuka.

Abiria wa kwenda Dar walianza kupanda saa sita. Kundi la watalii liliingia na mabuti yao. Harufu ikarudi, na sasa ilikuwa na mwenyewe: wahudumu wawili walitazamana, mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Mlima huo umeingia." Kwa kama dakika kumi hiyo ndiyo ilikuwa maelezo. Waliobomoa maelezo hayo ni mama mmoja mtu mzima wa Machame, aliyekaa safu za mbele mbali na watalii wote, akauliza kama kuna kitu kinaungua, na rubani msaidizi, ambaye wakati huohuo alihisi koo linamkereketa akiwa chumba cha marubani, mahali ambapo hakuna buti lililoingia.

Kapteni alifunga hewa ya APU palepale. Harufu ilianza kufifia ndani ya dakika chache. Joto likaanza kupanda ndani ya dakika hizo hizo.

Injinia wa zamu aliitwa. Katika kitabu cha ufundi kapteni aliandika, kwa maana yake, kwamba hewa ya APU ina harufu. Injinia alifungua mwongozo, akaiweka hewa ya APU katika orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa kuwa vibovu kwa muda, akafunga vali yake na kubandika kibandiko chumba cha marubani. Ndege inaruhusiwa kuruka hivyo. Lakini sasa injini ya kwanza haikuwa na hewa ya kuwashia, ikahitajika mashine ya hewa ya ardhini. Kampuni ya kuhudumia ndege ilikuwa nayo moja, na ilikuwa inahudumia ndege nyingine. Ilichukua dakika arobaini kufika. Abiria walibaki ndani, milango wazi, vipepeo vya kadi za usalama vikifanya kazi. Kabini ilifika nyuzi 36. Mtoto mmoja alitapika. Mzee mmoja akasimama njiani akaanza kuhutubia.

Injini ya kwanza ikawashwa. Paki ya kushoto ikafunguliwa, halafu ya kulia, injini ikiwa kwenye mwendo wa chini. Injinia na kapteni walinusa. Hewa ilikuwa baridi, na harufu ilikuwa hafifu mno kiasi kwamba mmoja alisema ipo na mwingine akasema ni kumbukumbu tu ya ile ya mwanzo. Injini ya pili ikawashwa kwa hewa ya ile ya kwanza. Ndege ikaondoka.

Baada ya kuruka, nguvu ya injini ikiwa juu na mtiririko wa hewa ukiwa mkubwa, harufu ilirudi kwa kishindo, mbele na nyuma kwa pamoja. Marubani walivaa barakoa za oksijeni. Walifunga paki ya kushoto, haikusaidia. Wakaifungua, wakafunga ya kulia, ikapungua kidogo. Hapo, wakiwa futi 14,000 hivi, kapteni alisema wanarudi. Walizunguka kusini, upande wa tambarare za Simanjiro, wakatua salama. Magari ya zimamoto yaliwasubiri pembeni, hayakuwa na la kufanya.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mhudumu kutopeleka mbele maneno ya msafishaji. Simlaumu kwa kiwango ambacho baadhi ya wenzangu wanamlaumu. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba harufu ya soksi ni dalili ya oili. Alifundishwa harufu ya kuungua, harufu ya umeme, moshi. Soksi alizijua kama soksi.

Uamuzi wa kapteni kufunga hewa ya APU ulikuwa sahihi na wa haraka. Uamuzi wake wa kuwaacha abiria ndani ndio unaojadilika. Alisema aliambiwa mashine ya hewa inakuja "sasa hivi", na kuwashusha watu, kuwapeleka chumba cha kusubiri, kisha kuwapandisha tena kungekula saa nzima. Kila mtu anayefanya kazi uwanjani anaijua "sasa hivi" hiyo. Ilipofika dakika ya thelathini, kuwashusha kulionekana upuuzi kwa sababu mashine ilikuwa imeshaonekana inakuja.

Uamuzi wa injinia wa kunusa kwa muda mfupi tu, injini moja ikiwa mwendo wa chini, ulitokana moja kwa moja na joto lile. Aliniambia waziwazi: alisikia mtoto analia nyuma yake na akataka ndege iondoke ipate hewa baridi. Kila kitu kilimwonyesha kwamba chanzo ni APU, na APU alishaifunga. Alikuwa sahihi kuhusu chanzo. Kilichomponyoka ni kwamba oili ilishatoka kwenye chanzo.

Uamuzi wa kurudi haukuwa na mjadala mrefu, na hilo ni sifa. Walikuwa na chaguo la kuendelea kubadilisha paki na vali hadi wapate mchanganyiko unaovumilika, wakimalizia safari kwa paki moja. Paki moja inatosha kulisha ndege na kuhifadhi shinikizo. Lakini hawakujua bado ni paki ipi iliyo safi, au kama ipo iliyo safi.

Matokeo

Wahudumu wawili na rubani msaidizi walipimwa hospitalini kwa kichwa kuuma na koo kuwasha, wakaruhusiwa jioni. Abiria walilazwa hotelini, wengine Moshi wengine Arusha. Watalii kadhaa walikosa ndege zao za kuunganisha Dar. Taarifa ya tukio ilipelekwa kwenye mamlaka ya usafiri wa anga kama sheria inavyotaka.

Timu ya mafundi iliyotoka Dar ilianzia mkiani. Oili ya APU ilikuwa juu ya alama. Walifungua kiungio cha bomba la hewa la APU, fundi mmoja akaingiza kitambaa cheupe cha pamba kwa kidole, akakizungusha mara moja ndani ya ukingo wa bomba na kukitoa. Kilikuwa na mstari wa rangi ya chai nyepesi, unaonata. Kitambaa kile kilipita mkono kwa mkono, kila mtu akakinusa, na hapo mjadala wa mabuti ukaisha.

Kwenye paki zote mbili walikuta alama hizohizo, ya kulia ikiwa na nyingi zaidi. Walipunguza oili ya APU hadi kiwango chake, wakaiendesha na kukagua sili, ambazo hazikuwa zimeharibika. Walisafisha mabomba. Walibadilisha filta za hewa ya kuzunguka. Kisha wakafanya kile ambacho mwongozo unakitaka baada ya oili kuingia kwenye mfumo: waliendesha kila paki kwa joto la juu kwa muda uliowekwa, milango wazi, kabini tupu, ili mabaki yaungue na kutoka. Wanaofanya kazi hii huvaa barakoa, na baada ya dakika chache za kwanza unaelewa kwa nini. Mwisho walijaribu injini kwa nguvu ya juu, paki moja moja, kila injini kivyake, mtu mmoja akikaa mbele na mwingine nyuma na karatasi ya kuandika. Ndege ilirudi kazini jioni ya siku iliyofuata.

Uchambuzi

Nianze na lililofanya kazi. Barakoa zilivaliwa kabla ya uchunguzi. Hili ni rahisi kusema na gumu kufanya, kwa sababu mtu akinusa harufu silika yake ni kutafuta inatoka wapi. Rubani ambaye kichwa chake kimeanza kulegea hana njia ya kujua kwamba kimelegea.

Pia hawakuzima paki zote mbili kwa pupa. Paki ndizo zinazoingiza hewa. Vali ya nyuma ya ndege inaamua kiasi gani kitoke, na kwa kucheza na kiasi hicho kabini inabaki kama mtu yuko futi 8,000 au chini yake hata ndege ikiwa juu mara nne ya hapo. Ukifunga paki zote, chombo kinaendelea kuvuja na hakuna kinachoingia. Mahali pengine ungeteremka tu hadi futi 10,000 ukafungua hewa ya nje. Kwa KIA mambo si mepesi hivyo: kaskazini-mashariki upo Kilimanjaro wenye mita 5,895, yaani zaidi ya futi 19,000, na magharibi upo Meru unaopita mita 4,500. Ndiyo maana nasisitiza ule mgeuko wa kusini. Anayetaka kuona shinikizo la kabini likisahauliwa linafanya nini asome ripoti ya Helios 522, ndege iliyoanguka karibu na Athens tarehe 14 Agosti 2005 na kuua watu wote 121. Swichi ya shinikizo ilikuwa imeachwa kwenye hali ya kuendeshwa kwa mkono baada ya kazi ya mafundi.

Sasa lililoshindwa. Wengi wakisoma kisa hiki wanakimbilia oili iliyozidi. Kweli ndiyo chanzo, na fundi wa usiku alirudishwa darasani. Lakini oili kuzidi kwenye APU ni jambo litakalotokea tena mahali fulani mwaka huu, na lenyewe halikulazimu ndege kurudi. Kilichoirudisha ndege ni kwamba harufu haikutibiwa kama kipimo.

Harufu ni kipimo kama kilivyo kipimajoto, ila inahitaji kuandikwa pamoja na hali ya vali wakati huo. Chukua maneno ya msafishaji. Yeye alinusa kabini ikiwa tupu, kabla mtalii hata mmoja hajapanda, injini zimezimwa, APU pekee ikitoa hewa, paki zote mbili zikiwa wazi. Sentensi moja hiyo inaondoa mabuti, inaondoa injini zote mbili, inaonyesha APU, na inamwambia injinia kwamba paki zote mbili zimekuwa zikimeza oili kwa nusu saa nzima kabla ya malalamiko ya kwanza. Angeijua, asingeweza kuziamini paki kwa kunusa dakika mbili. Habari hiyo ilikuwepo uwanjani muda wote, umbali wa mita hamsini, kivulini, imeshika fagio.

Pili, sentensi ya kapteni kitabuni. Aliandika kwamba hewa ya APU ina harufu. Hiyo tayari ni hukumu. Injinia alifungua sura ya APU, na sura ya APU inasema funga, bandika, ruka. Angeandikiwa kwamba kuna harufu ya oili kabini na chumba cha marubani, injini zimezimwa, hewa ikitoka APU, paki zote wazi, angefungua sura ya harufu ndani ya kabini, ambayo baada ya kumfikisha APU inamwamuru aendelee hadi kwenye paki na kuzisafisha. Rubani aandike alichohisi na hali ya swichi zake. Chanzo amwachie fundi.

Tatu, jaribio la mwendo wa chini. Oili iliyokwisha kutanda ndani ya rejeta na mabomba hainuki sana hewa ikipita polepole. Injini ikipewa nguvu, hewa inakuwa nyingi na kompresa ya paki inaipasha zaidi, yale mabaki yanachemka. Hii ndiyo sababu malalamiko mengi ya harufu huja wakati wa kuruka au nguvu ya injini inapobadilishwa. Jaribio la kunusa lisilofikia nguvu hiyo haliwezi kuitangaza paki kuwa safi, na jaribio la nguvu hiyo huwezi kulifanya kwenye maegesho ukiwa na watu mia na arobaini ndani.

Kwa hiyo tunarudi kwenye joto, ambalo kwangu ndilo fundo la kisa. Ubovu wa hewa ya APU, KIA, mwezi wa Februari, saa sita mchana, huanza kumsukuma kila mwenye uamuzi aelekee upande mmoja kuanzia dakika ile vali inapofungwa. Kapteni alisukumwa na "sasa hivi", injinia na kilio cha mtoto, wahudumu na yule mzee aliyehutubia. Hakuna hata mmoja aliyefanya jambo la kijinga. Abiria wangekuwa chumba cha kusubiri wanakunywa maji, injinia angekuwa na saa nzima ya kusoma sura sahihi.

Kilichobadilishwa

Shirika lilibadilisha fomu. Sasa mhudumu au rubani anayeripoti harufu anajaza ilianza lini, ilikuwa sehemu gani ya ndege, na injini, APU na paki zilikuwa katika hali gani. Wasafishaji wa kabini wameongezwa kwenye mafunzo mafupi ya nusu siku, na wana namba ya injinia wa zamu. Katika wiki za mwanzo walipiga simu kwa kila kitu, pamoja na samaki wa kukaanga aliyesahauliwa kwenye sanduku la juu. Injinia mmoja alilalamika. Msimamizi wake alimwambia aendelee kupokea.

Kuhusu kuwashusha abiria, waliweka kikomo: hewa ya APU ikifungwa na joto la nje likiwa zaidi ya nyuzi 30, kapteni anawashusha watu kabla ya dakika ya kumi na tano, bila kujali mashine ya hewa imesemekana iko wapi. Marubani kadhaa walikipinga kikomo hicho kwenye kikao, wakisema kinamnyang'anya kapteni madaraka yake. Mimi naona kinampa kisingizio cha kumjibu ofisa wa ratiba anayepiga simu kutoka Dar, na makapteni wawili wamenikubalia faraghani.

Gari la kupulizia kabini hewa baridi ndege ikiwa chini, ambalo lingeondoa sehemu kubwa ya shida hii, liliombwa pia. Bajeti yake bado haijapitishwa.